Ng'ombe alipona, sifa zikaenda kwa matone

Ng'ombe alikuwa wa mzao wa tatu, ndama wake ana majuma mawili. Asubuhi hiyo robo ya nyuma ya kulia ya kiwele ilikutwa imevimba, ina moto, ngumu ukiibonyeza, na chuchu ilipoguswa alirusha teke. Mikamuo ya kwanza kwenye kikombe cheusi ilitoa maji ya kijivu yenye vibonge. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 39.6, yaani limepanda kidogo tu. Alikula kwa kusuasua lakini alikuwa anacheua, na robo tatu zilizobaki zilikuwa salama. Madaktari wa mifugo huupima ugonjwa wa kiwele kwa ngazi tatu: maziwa peke yake yakiharibika ni mwepesi, kiwele nacho kikivimba ni wa wastani, na mnyama mzima akizidiwa, akaacha kula au akashindwa kusimama, huo ni mkali. Huyu alikuwa ngazi ya pili.

Mwenye ng'ombe hakutaka antibiotiki, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa humwagwa mpaka mabaki ya dawa yaishe, na habari za vimelea sugu alikuwa amezisikia vya kutosha. Akachagua homiopathi, tiba ya matone ya dawa iliyozimuliwa mno. Siku mbili za kwanza alitumia Belladonna 30C, kwa ajili ya joto na wekundu, kisha akahamia Phytolacca 30C, ambayo wanahomiopathi huipenda sana kwa magonjwa ya matiti. Matone yalinyunyiziwa puani na mdomoni mara kadhaa kwa siku. Wakati huohuo robo iliyougua ilikamuliwa kila baada ya saa chache mpaka ikauke, na ng'ombe akahamishiwa penye matandiko mapya, makavu. Siku ya tatu uvimbe ulianza kulainika. Siku ya tano vibonge viliisha, maziwa yakarudi meupe, na hamu ya kula ikarudi yote. Katika daftari la zizi ikaandikwa: amepona kwa homiopathi.

Nimekieleza kisa bila majina wala mahali kwa kuwa hakivihitaji. Ni cha kawaida mno. Daktari yeyote wa ng'ombe wa maziwa atakitambua. Kinachokifanya kifae kuchambuliwa ni jambo moja ambalo visa vya aina hii hulikosa: kabla ya tone la kwanza, daktari alikuwa ameshachukua sampuli ya maziwa kwenye chupa iliyotakaswa na kuipeleka maabara. Majibu yalirudi ng'ombe akiwa tayari ana nafuu. Kilichoota ni Escherichia coli.

Jibu hilo linageuza hesabu yote. E. coli hutoka kwenye kinyesi na matandiko machafu, hupenya kwenye tundu la chuchu, huzaliana kwa kasi, na mwili wa ng'ombe humjibu kwa kasi ileile. Seli nyeupe za damu humiminika kwenye kiwele kwa wingi. Mara nyingi idadi ya bakteria huwa imeshafika kileleni na kuanza kushuka kabla mkamuaji hajaona kibonge cha kwanza. Joto, uvimbe na yale maji ya kijivu havisababishwi na bakteria walio hai peke yao; sehemu kubwa inatokana na sumu iliyomo kwenye ukuta wa bakteria, ambayo huachiliwa wanapokufa, na mwili huipokea kwa vurugu. Kwa hiyo siku ambayo ugonjwa unatisha zaidi kwa macho yaweza kuwa ndiyo siku ambayo ng'ombe ameshaanza kushinda. Chochote kitakachoanzishwa siku hiyo, iwe matone, majani au sindano, kitaikuta nafuu iko njiani.

Nisieleweke vibaya: E. coli si mpole kila mara. Wapo ng'ombe, hasa waliotoka kuzaa, ambao kinga yao huchelewa, wakalala chini na kufa kabla ya siku kuisha. Hao wanahitaji maji ya mishipani, dawa ya kutuliza uvimbe na antibiotiki bila kujadiliana. Lakini wale wa ngazi ya kwanza na ya pili wengi wao hupona ndani ya siku chache, wapewe kitu au wasipewe. Ng'ombe huyu aliifuata ratiba hiyo karibu hatua kwa hatua.

Yapo pia yale yaliyofanyika sambamba. Mtu anaweza kusema kilichomponya ni kukamuliwa mara kwa mara. Ni maelezo yanayoingia akilini, nami ningetamani yawe kweli, ila majaribio ya kukamua mara kwa mara kama tiba hayajaonyesha faida ya kutegemewa. Matandiko makavu yalimpunguzia bakteria wapya, bila shaka. Ninachotaka kionekane ni kwamba mambo matatu yalianza siku moja, la nne lilikuwa kinga ya ng'ombe mwenyewe, na daftari likachagua moja tu la kulipa sifa. Likachagua lile lenye chupa.

Kuhusu chupa yenyewe sitakawia. Samuel Hahnemann, daktari wa Ujerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1796: kinacholeta dalili kwa mzima kitaiondoa dalili hiyo kwa mgonjwa, na baadaye akashikilia kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa na kutikiswa ndivyo inavyopata nguvu. Alama ya C maana yake ni sehemu moja ya dawa ndani ya mia. 30C ni kuzimua hivyo mara 30 mfululizo, yaani moja kwa namba yenye sifuri 60. Molekuli zilizomo katika moli moja, kipimo cha wanakemia cha wingi wa kitu, ni namba yenye tarakimu 24, kwa hiyo kufikia 12C hivi uwezekano wa kubaki na hata molekuli moja ya mmea wa asili umeshakwisha. Kilichonyunyizwa puani mwa ng'ombe kilikuwa maji, au maji na pombe kidogo.

Mtetezi wa homiopathi atasema: achana na nadharia, tazama matokeo. Ni ombi la haki, na kwa ugonjwa huu hasa tuna bahati, maana matokeo yapo.

Mwaka 2004 watafiti wa Norway walichapisha jaribio la ng'ombe 57 wenye ugonjwa wa kiwele unaoonekana kwa macho. Waligawanywa makundi matatu: wa homiopathi, wa plasibo na wa antibiotiki. Dalili zilipungua kwa makundi yote matatu, pamoja na lile la plasibo, yaani lililopewa kitu kisicho na dawa ndani. Siku ya 7 na siku ya 28, homiopathi haikutofautiana kitakwimu na plasibo. Haikutofautiana kitakwimu na antibiotiki pia. Antibiotiki ndizo zilizoipita plasibo, katika kupunguza dalili za mwanzo za ugonjwa.

Hapo ndipo watu hukata taarifa katikati. Kinachonukuliwa ni kwamba homiopathi haikutofautiana na antibiotiki, basi nguvu yake ni ileile. Lakini ukikubali kusoma hivyo, unalazimika kukubali pia kwamba nguvu yake ni ileile ya plasibo, na kwa kuwa antibiotiki ziliipita plasibo, utajikuta umesema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kosa liko kwenye neno "ileile". Ng'ombe 57 wakigawanywa mara tatu ni wachache. Jaribio la ukubwa huo linaweza kushindwa kuiona tofauti iliyopo. Kutoiona tofauti ni jambo moja, kuthibitisha usawa ni jambo jingine, na linahitaji wanyama wengi zaidi. Watafiti wenyewe walimalizia kwamba hawakupata ushahidi wa homiopathi kufanya kazi kuliko plasibo.

Lililofuata lilitoka mahali ambapo hapashukiwi kuichukia homiopathi. Chuo Kikuu cha Kassel nchini Ujerumani kina kitivo cha kilimo hai, na kilimo hai huko Ulaya kimekuwa na upendeleo wa wazi kwa tiba hii: Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 889 ya mwaka 2008 ilielekeza bidhaa za mitishamba na za homiopathi zitangulizwe mbele ya dawa za viwandani na antibiotiki, ilimradi ziwe zinafanya kazi kwa mnyama na ugonjwa husika. (Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.) Mwaka 2018 Keller na Sundrum wa Kassel walitoa matokeo ya jaribio ambamo kila ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele alichaguliwa dawa yake binafsi ya homiopathi, kama wanahomiopathi wanavyotaka ifanyike, na makundi mengine yakapata plasibo au antibiotiki. Hitimisho: homiopathi haikuvuka kiwango cha plasibo, na kufanikiwa kwa tiba kulitegemea sana ni kimelea gani kilichosababisha ugonjwa.

Miaka miwili kabla, Sundrum huyohuyo na mwenzake Doehring walikuwa wamekusanya majaribio 52 ya homiopathi kwa mifugo, yaliyochapishwa kati ya mwaka 1981 na 2014. Majaribio 28 yaliipendelea homiopathi na 22 hayakuona kitu. Ukiishia hapo unaweza kusema imeshinda kwa pointi. Ila hakuna hata tokeo moja lililopimwa tena katika mazingira yanayofanana, na majaribio mengi yalikuwa na kasoro za kutosha kuyafanya yaegemee upande mmoja. Kwangu mimi hilo la kutorudiwa ndilo zito zaidi. Tiba inayofanya kazi hurudia kufanya kazi mikononi mwa mtu mwingine.

Hoja inayobaki ni ile inayosikika kila mahali: ng'ombe hajui amepewa nini, haamini wala haamui, hivyo plasibo haimgusi, akipona, amepona kweli. Ni kweli ng'ombe haamini. Lakini ng'ombe si yeye anayejaza daftari.

Jambo hili limepimwa vizuri kwa mbwa. Mwaka 2012 Michael Conzemius na Richard Evans walitazama mbwa 58 wenye ugonjwa wa viungo na kuchechemea, wote wakiwa wa kundi la plasibo katika jaribio la dawa. Kila mbwa alipitishwa juu ya bamba la kupimia nguvu anayoikanyagia kila mguu, kifaa kisichokuwa na matumaini yoyote. Kisha vipimo vya bamba vikalinganishwa na maoni ya watu. Sehemu kubwa ya wenye mbwa waliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Madaktari, waliotazama mwendo na kupapasa viungo kwa mikono iliyozoea kazi, nao waliiona mara nyingi. Plasibo ilifanya kazi, ila ilifanya kazi kwa binadamu.

Turudi zizini. Nani aliyeamua kwamba uvimbe "umelainika" siku ya tatu? Ni yule aliyechagua matone na kuyanyunyiza kwa mkono wake. Alipima ulaini kwa vidole vilevile, na hamu ya kula kwa jicho lilelile. Sisemi alidanganya. Katika kisa hiki nadhani hata hakukosea, ng'ombe alipona kweli. Ila daftari lake lingeandika hivyohivyo kama asingepona sawasawa, na hilo lilionekana majuma machache baadaye kwa ng'ombe mwingine wa zizi hilohilo.

Huyo alikuwa mzee zaidi. Vibonge vichache asubuhi, robo moja ya mbele ngumu kidogo, hana homa. Alipewa matone yaleyale, na siku ya nne maziwa yakawa safi: amepona kwa homiopathi. Baada ya majuma matatu vibonge vikarudi. Matone tena, maziwa safi tena, daftari likapata ushindi wa tatu. Vilirudi kwa mara nyingine ndipo daktari akaitwa.

Alitoa kibao cha CMT, kipimo cha papo hapo cha ugonjwa wa kiwele, kile chenye vikombe vinne vya duara, kimoja kwa kila robo. Akakamulia kiasi kidogo katika kila kikombe, akaongeza dawa ya zambarau ya ujazo uleule, akawa anakizungusha taratibu. Dawa ile ni aina ya sabuni: huzipasua seli zilizomo kwenye maziwa, na vinasaba vinavyotoka ndani yake hushikana na kufanya ute. Vikombe vitatu vilibaki majimaji. Cha nne kiligeuka uji mzito, ukajikusanya katikati na kukataa kumwagika. Kwa macho, maziwa ya robo ile siku hiyo yalikuwa meupe kama ya wenzake. Seli za kinga zikizidi 200,000 kwa mililita moja ya maziwa ya ng'ombe, huhesabiwa kuwa ana maambukizi. Maziwa yanayoganda kiasi kile huwa yameupita mpaka huo kwa mbali sana. Maabara ikaotesha Staphylococcus aureus.

Huyu ni kimelea wa tabia nyingine kabisa. Hujificha ndani ya seli na katika vijipu vidogo ndani ya nyama ya kiwele, hutoka kwa vipindi, na dalili zake hupanda na kushuka zenyewe. Ukimpa mnyama chochote wakati zimepanda, zitashuka, nawe utakuwa na ushahidi mpya. Ugonjwa usiopona unaweza hivyo kutoa orodha ndefu ya "kupona" kuliko ugonjwa unaopona mara moja. Na huambukizwa hasa wakati wa kukamua, kwa mikono, vitambaa na vikombe vya mashine. Ng'ombe wawili waliokuwa wakikamuliwa baada yake walikutwa nao.

Je, antibiotiki zingemwokoa? Pengine zisingemwokoa. Kwa ng'ombe mzee, mwenye maambukizi ya muda mrefu na seli nyingi kiasi kile, uwezekano wa kumtoa S. aureus ni mdogo hata kwa dawa sahihi. Wanaodhani kuipinga homiopathi ni kuipigia debe sindano wanakosea hapa. Alichopoteza mfugaji kwa matone ni muda: majuma ambayo ng'ombe yule angekuwa anakamuliwa wa mwisho, kwa kitambaa chake mwenyewe, huku chuchu za wote zikichovywa dawa baada ya kila mkamuo. Hizo hatua hazihitaji antibiotiki hata tone. Zinahitaji mtu ajue kwamba ng'ombe bado mgonjwa.

Ndiyo maana siuoni mvuto wa ile hoja ya mwisho, kwamba hata kama homiopathi ni maji, angalau imepunguza antibiotiki. Nia ni nzuri na sheria nazo zinaelekea huko. Tangu tarehe 28 Januari 2022 Umoja wa Ulaya unakataza antibiotiki kutumiwa kwa mazoea au kufidia usafi mbovu. Lakini njia ya kuzipunguza bila kujidanganya ipo. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2011, maziwa ya ng'ombe wenye ugonjwa mwepesi na wa wastani yalioteshwa kwanza shambani, na dawa wakapewa tu wale ambao kimelea chao kingeweza kufaidika nayo. Wenye E. coli na wale ambao hakukuota kitu waliachwa. Kati ya robo za kiwele zilizougua katika kundi hilo, chini ya nusu ndizo zilizopewa antibiotiki, na kupona hakukutofautiana na kwa wale waliotibiwa wote. Ng'ombe wa E. coli katika kisa hiki angekuwa miongoni mwa walioachwa, bila chupa wala hadithi.

Asingeachwa na maumivu, hata hivyo, na hapa nina neno na mfugaji. Kiwele kilichovimba kinauma. Lile teke halikuwa ukaidi. Dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe kama meloksikamu si antibiotiki, na katika jaribio la New Zealand la mwaka 2009 ng'ombe walioongezewa dawa hiyo juu ya antibiotiki walikuwa na seli chache zaidi katika maziwa, na wachache zaidi kati yao ndio walioondolewa kundini. Siku mbili tatu za maumivu ndiyo gharama ambayo hakuna aliyeiandika popote, kwa kuwa anayeilipa hawezi kulalamika kwa maneno. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo cha Uingereza kiligusa hapo mwaka 2017, kiliposema homiopathi haina ushahidi unaotambulika wala misingi ya kisayansi, na kwamba ili kumlinda mnyama tiba ya namna hiyo isichukue nafasi ya ile yenye ushahidi, wala isiicheleweshe.

Ng'ombe mzee aliondolewa kundini. Wale wawili, ambao walikuwa wachanga na maambukizi yao ni mapya, walitibiwa kwa antibiotiki. Mmoja vipimo vyake vimekuwa safi tangu hapo, wa pili anakamuliwa mwisho. Mfugaji bado anayo matone yake na hakuna aliyemwomba ayatupe. Daktari alimwomba mawili: sampuli ichukuliwe kabla ya kumpa mnyama kitu chochote, na CMT irudiwe kwenye robo ileile majuma matatu baada ya kuandika "amepona". La kwanza amekubali. La pili anasema lina kazi nyingi.